Mwisraeli asiye na kondoo alisamehewaje?

Ndugu, umeuliza kama Mwisraeli maskini asiyemudu kondoo alibaki na dhambi yake. Hapana, Torati ilimfikiria. Soma Walawi 5:7-13, kuhusu makosa kama kuficha ushahidi au kuapa ovyo. Akikosa kondoo, alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Hao nao wakimshinda, alete sehemu ya kumi ya efa ya unga laini, kama lita mbili hivi, bila mafuta wala ubani. Kuhani alichota konzi moja tu akaiteketeza madhabahuni, unga uliobaki ukawa wake. Na mtu yule alisamehewa sawasawa na mwenye kondoo! Hapo huwa naguswa sana.

Ila usiishie hapo, endelea na 6:1-7. Aliyemdhulumu mwenzake alitakiwa kurudisha mali yote na kuongeza sehemu ya tano, siku ileile ya kuleta kondoo dume wake wa hatia. Kuchinja huku umekalia mali ya watu hakukukubalika. Vivyo hivyo dhabihu haifuti uasi: mfalme Sauli alipoacha kondoo wa Waamaleki eti watolewe dhabihu, ingawa Mungu alikuwa ameamuru waangamizwe, nabii Samweli alimkatalia palepale, akisema kutii ni bora kuliko dhabihu (1 Samweli 15:22).