Asiyetaka kupiga kura tumvute ama tumwache? Maswali yenu

Mmeniandikia sana kuhusu uchaguzi mkuu wa Kenya wa Agosti 2027 na wengi mnauliza kitu kimoja, yule mtu hataki au hajui siasa, tumfanyeje. Wacha nijibu machache.

Kakangu ana miaka 24, kitambulisho anacho lakini kujiandikisha hataki, anasema wote ni walewale. Nimlazimishe?

Ukimlazimisha atakwambia sawa halafu haendi. Ongea naye mambo ya hapo mtaani kwenu, zahanati inakosa dawa, maji yanakuja mara moja kwa wiki, chekechea haina mwalimu, halafu mwambie hizo zote ni kazi za kaunti na bajeti yake inapitishwa na MCA, yaani mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, sio Rais. Vijana wengi hasira yao iko Ikulu tu na yule wa wadi anapita hapo katikati hakuna anayemuuliza kitu. Na kama anataka hesabu, 2022 waliojiandikisha walikuwa milioni 22 na ushee, waliojitokeza kama asilimia 65, yaani zaidi ya milioni 7 hawakupiga, na kwenye urais Ruto alimshinda Raila kwa kura kama 233,000. Mimi hiyo hesabu inaniuma mpaka leo. Akishayasikia hayo yote na bado hataki basi mwache, Kenya kupiga kura ni haki, halazimishwi mtu.

Soja wetu wa geti hajui hata kazi ya seneta. Si afadhali watu kama hao wakae nyumbani wasituharibie?

Hapana, kabisa. Hiyo njia nchi hii ilishapitishwa. 1957, mara ya kwanza Waafrika kuchagua wajumbe wao, serikali ya kikoloni iliweka masharti ya elimu, kipato na mali, mwenye sifa nyingi akapewa mpaka kura 3, asiye nazo hakupewa hata moja, na kodi alikuwa analipa! Katiba ya 2010 haimuulizi mpigakura cheti cha shule. Huyo soja bei ya unga anaijua na karo anatafuta kila muhula, kwa hivyo usiseme hajui kitu. Kama hajui seneta si umwambie, simama naye hapo getini dakika chache umweleze seneta anatetea kaunti na anafuatilia pesa zinazopelekwa huko. Ila ukimaliza usimtajie jina la wa kuchagua, maana hapo unataka kura mbili kama wale wa 1957.

Nyanyangu hajui kusoma, mjomba anasema atampigia yeye.

Mjomba hawezi kujiteua awe msaidizi wake. Nyanya ndiye anasema nani amsaidie, awe mtu mzima, na akimsaidia yeye haruhusiwi kusaidia mwingine. Akikosa mtu, msimamizi wa kituo anamsaidia mawakala wa wagombea wakiwa wanaangalia. Lakini karatasi zina picha za wagombea na alama za vyama, kama macho yake yako sawa anaweza mwenyewe tu.

Kuna mtu anataka nimwachie kitambulisho mpaka kura ipite, anipe pesa.

Usimpe. Kumlipa mtu asipige kura ni kosa sawa na kumlipa apige, na wewe ukipokea pia una kosa.

Mimi namjua Rais na mbunge ninayemtaka, zile zingine nne niweke tu chama kimoja?

Usibahatishe jamani, gavana, seneta, mwakilishi wa kike na MCA kila mmoja ana kazi yake na mshahara tunalipa sisi. Karatasi usiyoijua iache bila alama uitumbukize kwa sanduku lake, usitoke nayo nje hiyo ni kosa. Itahesabiwa kama imekataliwa na haimpi mgombea yeyote kitu. Lakini muda bado upo, anza na huyo MCA manake ndiye unayeweza kumpata kwa urahisi, akija kuomba kura muulize pesa za wadi awamu hii zimefanya nini, halafu akikutajia barabara nenda ukaione mwenyewe.