Kufufua mgodi wa zamani wa chini ya ardhi: ramani na maji kabla ya pampu na karasha

Ndugu mtoa mada, umeeleza kwamba kikundi chenu kimepata leseni kwenye eneo lenye shafti (shimo la wima la kuingilia mgodini) ya enzi za mkoloni, kwamba wazee wa hapo wanasema mgodi ulitoa dhahabu na fedha, na kwamba tayari mmeulizia bei za pampu na karasha (mashine ya kupondea mwamba) hapa Mwanza. Unauliza kipi kitangulie kununuliwa. Nimefanya upimaji wa migodi Kanda ya Ziwa kwa zaidi ya miaka ishirini, miwili kati ya hiyo katika mgodi wa namna hiyo upande wa Mara, na ushauri wangu ni kwamba kwa sasa msinunue chochote.

Kufungwa kwake kusiwavunje moyo. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, wakati wakia moja ya dhahabu ikiwa bado dola 35, na mwamba ambao wakati ule haukulipa hata gharama ya mbao na mafuta unaweza kulipa leo. Lakini mgodi uliofungwa ni nyumba ambayo mwenyewe ameondoka na funguo, na funguo hizo ni ramani.

Tafuteni ramani na taarifa za uzalishaji katika hifadhi ya nyaraka ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma, na mkizipata, swali la kwanza liwe vipimo vyake. Ramani zetu kule Mara zilikuwa na leveli, yaani njia za chini kwa kina chake, zilizoandikwa 200, 350 na 500. Aliyeziingiza kwenye kompyuta alizichukulia kuwa mita, nami nikasaini mpango wa uchorongaji (kutoboa mwamba kwa mashine) bila kuuliza. Zilikuwa futi. Leveli ya 500 ilikuwa mita 152 tu kutoka juu, na tundu tulilodhani linapita kwenye mwamba mzima likatumbukia katika machimbo yaliyojaa maji, tukapoteza fimbo zote za kuchorongea. Namshukuru Mungu kwamba ilikuwa mashine iliyosimama juu ya ardhi, kwa maana kama wangekuwa watu wanachimba njia kuelekea pale, maji yale yangewafuata. Angalieni pia kwamba ramani nyingi za zamani za nchi yetu zilichorwa kwa mfumo wa kuonyesha mahali uitwao Arc 1960, ilhali GPS husoma mwingine, WGS84, na kuichanganya mifumo hiyo kunaihamisha shafti kwa takriban mita 300.

Yapo pia maduara (mashimo ya uchimbaji) ambayo hayamo kwenye ramani yoyote, yaliyochimbwa na wachimbaji wadogo baada ya mwenye mgodi kuondoka. Kwetu, mzee mmoja aliyewahi kufunga matimba (magogo ya kushikilia kuta na dari) humo alitutembeza asubuhi nzima akitugusia kwa fimbo yake mahali duara lilipokutana na machimbo ya zamani. Alitutajia sehemu saba, na zote tulizozichunguza baadaye zilikuwa kama alivyosema. Watafuteni wazee hao mapema, na mwalipe siku yao kama mnavyomlipa mtaalamu.

Sasa maji. Kiasi chake mnaweza kukikadiria kabla ya kuajiri mtu. Kama taarifa zinaonyesha kwamba zilitolewa tani 300,000 za mwamba, na kila mita ya ujazo ya mwamba ina uzito wa tani 2.7 hivi, basi chini kuna uwazi wa karibu mita za ujazo 111,000, ukiondoa sehemu zilizojazwa kifusi. Pampu ikitoa mita za ujazo 80 kwa saa na mwamba ukirudisha 30, mnapunguza mita za ujazo 1,200 kwa siku, yaani miezi mitatu bila kuzima mtambo. Tena kadiri maji yanavyoshuka ndivyo yanayoingia yanavyoongezeka, kwa hiyo hesabu hiyo ni ya chini. Anzeni baada ya masika, na shusheni polepole, kwa sababu maji yale yanazibeba kuta, na yakiondolewa kwa pupa kuta huanguka.

Chukueni sampuli za maji katika vina tofauti, si juu tu. Maji ya juu ya shafti huweza kuonekana safi wakati ya chini yana asidi na sumu ya aseniki, zitokanazo na madini yenye salfa. Mtu akiyamwaga mtoni, yanaishia ziwani ambako sote tunachota na kuvua. Kibali cha kuyatiririsha hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, ambayo ofisi yake iko hapa hapa Mwanza, na NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, nao watataka tathmini ya mazingira.

Maji yakishuka, mtu asiingie kabla hewa haijapimwa. Madini yenye salfa yakikutana na hewa hula oksijeni, na mtu huanguka bila kusikia harufu yoyote. Matimba yaliyokaa majini huonekana mazima, kisha huoza haraka yakipata hewa. Na pawepo njia ya pili ya kutokea: kule Nyangarata, Kahama, mwaka 2015, wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya kifusi, na mwenzao mmoja alifia humo.

Kuhusu madini ya fedha waliyoyataja wazee, iambieni maabara mapema kwamba mnataka ipimwe. Katika upimaji wa dhahabu kwa moto, maabara nyingi huongeza fedha yao ili kurahisisha utenganishaji, na yenu hupotea katika hesabu. Ikionekana ni nyingi mara kadhaa kuliko dhahabu, mitambo ya kaboni iliyozoeleka huku, inayonasa dhahabu kwa makaa, haitawafaa sana, kwani fedha huijaza kaboni. Vumbi la zinki hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Ndiyo maana nasema karasha na mtambo visubiri.

Kwa wiki hii, fungeni mdomo wa shafti kwa uzio, teremsheni kamba yenye uzito mpime kina cha maji, na mkipime tena kila Jumatatu hadi mvua za vuli ziishe. Namba hizo ndizo zitakazowaambia pampu ya ukubwa gani inahitajika.