Maswali ya Wasafiri: Kutoka Kigoma na Tabora Kwenda Kusini

Barua nyingi za miezi hii zinahusu likizo za nchi za kusini: Zambia, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini. Wengi walioandika wamepewa ratiba zilizotengenezwa kwa ajili ya mgeni anayetoka Ulaya, zenye bei zake na viza zake. Mtanzania ni raia wa nchi mwanachama wa SADC, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, na jambo hilo linabadilisha hesabu karibu yote.

*Tunataka kuwapeleka watoto wetu wawili, miaka 9 na 14, kwenye Maporomoko ya Victoria wakati wa likizo ya shule, kwa basi. Twende Juni au Desemba? Wakala ametuambia kila mtu alipe dola 50 za viza. (Mwalimu, Kasulu)*

Mwalimu, nendeni Juni. Mvua za kule huanza Novemba, lakini maji yanayonyesha kwenye chanzo cha Zambezi, kaskazini magharibi mwa Zambia na ndani ya Angola, hutandaa kwanza kwenye tambarare za Barotse kisha huteremka polepole. Kwa hiyo mto hujaa kati ya Machi na Mei, na Aprili ndiyo kilele, wakati mvua zenyewe zimeshakatika. Aprili manyunyu ni mazito mno: unasimama mbele ya maporomoko yenye upana wa mita 1,708 na huoni ila weupe, huku umelowa mpaka ndani. Juni maji bado ni mengi, manyunyu yamepungua na anga ni safi. Desemba mto haujapanda. Upande wa Zambia sehemu kubwa hubaki mwamba mtupu, na anayefika mwezi huo hana budi kuvukia Zimbabwe, ambako maji hayakatiki.

Hizo dola 50 ni bei ya viza ya KAZA, inayowahusu raia wa nchi za mbali wanaotembelea Zambia na Zimbabwe kwa pamoja. Mtanzania huingia nchi zote mbili kwa pasipoti bila viza. Mwambieni wakala aifute kwenye hesabu. Kwa familia ya watu wanne ni dola 200.

Njia yenu ni Uvinza, Mpanda, Sumbawanga hadi Tunduma. Hakuna sababu ya kuzungukia Dar es Salaam. Baada ya Mpanda barabara inakatiza Hifadhi ya Katavi, kwa hiyo wapeni watoto viti vya dirishani. Laleni Tunduma na mvuke asubuhi mapema. Kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka wa Tunduma, hadi Lusaka ni takribani kilomita 1,000, na Lusaka hadi Livingstone, mji wa maporomoko upande wa Zambia, ni 480 hivi. Msihesabu kulala njiani ndani ya basi: mwaka 2016 Zambia ilipiga marufuku mabasi ya abiria kutembea kati ya saa 3 usiku na saa 11 alfajiri, na basi lililochelewa kuondoka hulazimika kuegesha popote litakapofikia. Tengeni siku tatu za kwenda, tatu za kurudi, na usiku nne pale Livingstone. Chini ya hapo watoto watakumbuka kiti cha basi tu.

Saa nazo huwakosesha watu mabasi. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Mkienda mnaipata saa hiyo bure, mkirudi mnaidaiwa. Ukivuka kutoka Nakonde saa 11 alfajiri ya Zambia, Tunduma ni saa 12 tayari, na basi la Sumbawanga huenda limeshaondoka. Tena tiketi ya Zambia iliyoandikwa 06:00 maana yake ni saa 12 asubuhi yao, si saa 6.

Bebeni vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vile vyenye majina ya wazazi wote wawili. Mzazi mmoja akisafiri peke yake na watoto, awe na barua ya idhini ya mwenzake iliyoapiwa kwa wakili. Kwacha badilisheni kidogo tu mpakani, na hesabuni wenyewe noti moja moja kabla ya kutoa zenu, kwa sababu noti iliyokunjwa katikati huhesabiwa mara mbili. Kwa upande wa Zimbabwe bebeni dola ndogondogo, za 1, 5 na 10, zisizochanika wala kuchafuka. Chenji kule ni shida ya kila siku.

*Nina Noah na ndugu yangu ana Prado. Tunataka kuendesha wenyewe hadi Chobe, Botswana, kuona tembo. Tunahitaji karatasi gani, na Noah itafika? (Mfanyabiashara, Tabora mjini)*

Ndugu, barabara kuu Noah itaimudu. Ndani ya Chobe haitaimudu, na hapo tutaeleza.

Karatasi kwanza. Kadi halisi ya gari. Kama si jina lako, barua ya mwenye gari iliyothibitishwa na wakili. Leseni yako. Kisha kadi ya njano ya bima ya COMESA (soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika), ambayo unaikata kwa kampuni yako ya bima kabla ya kuondoka Tabora. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini imo kwenye mpango huo wa bima. Kadi hiyo inafanya kazi Zambia, Zimbabwe na Malawi. Botswana haimo, kwa hiyo kwenye mpaka wake wa Kazungula utalipia bima yao na ushuru wa barabara. Nakonde utapewa kibali cha muda cha kuingiza gari, na utalipia kodi ya hewa ukaa, ushuru wa barabara na ushuru wa halmashauri. Kila risiti itunze kwenye bahasha moja hadi utakapotoka nchini. Askari wa njiani huiomba, na ukiikosa unalipa tena.

Ndani ya gari kuwe na pembetatu mbili za tahadhari, mtungi wa kuzimia moto, tairi la akiba lenye upepo, jeki na spana ya magurudumu.

Zambezi mtauvuka kwa daraja la Kazungula, lenye urefu wa mita 923, lililofunguliwa Mei 2021 na kumaliza foleni za pantoni zilizokuwa zikiwalaza madereva wa malori kwa siku nyingi. Nyama mbichi na maziwa msibebe. Botswana inalinda ng'ombe wake dhidi ya ugonjwa wa midomo na kwato; mtanyang'anywa, kisha mtakanyagishwa viatu kwenye dawa na tairi kupitishwa humo humo.

Sasa mchanga. Njia za kando ya mto Chobe ni mchanga mlaini na mzito, na gari lisilo na uwezo wa kuendeshwa kwa magurudumu yote manne hukwama hata kwa dereva hodari. Noah ibaki mjini Kasane. Prado ipunguzwe upepo hadi paundi 20 hivi kwa kila tairi, ili tairi litanuke na kukanyaga juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Mkirudi kwenye lami jazeni upepo palepale. Tairi legevu kwenye mwendo kasi huchemka na kupasuka, na ajali za namna hiyo ni mbaya. Bebeni pampu ya kuchomeka kwenye gari.

Abiria wa Noah wachukue boti ya alasiri. Kuanzia Julai hadi Oktoba madimbwi ya msituni yamekauka, tembo hushuka mtoni kwa mamia, na kwenye maji unawakaribia kuliko ukiwa barabarani. Tembo akiziba njia, msipige honi. Simameni, rudini nyuma taratibu, mpeni nafasi. Na usiku msiendeshe kabisa.

*Natarajia kwenda Johannesburg Julai, kisha Hifadhi ya Kruger siku nne kwa gari la kukodi. Nijiandae vipi? (Muuguzi, Nzega)*

Dada, kinachowakwamisha Watanzania wengi ni kadi ya benki. Makampuni ya kukodisha magari hudai kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe, wazuie dhamana humo. Kadi ya kawaida ya kutolea fedha mara nyingi hukataliwa. Thibitisha hilo kwa maandishi kabla ya kununua tiketi ya ndege. Gari dogo linatosha, kwa sababu barabara kuu za Kruger ni za lami. Mwendo wa juu ni kilomita 50 kwa saa kwenye lami na 40 kwenye changarawe.

Kiingilio cha kila siku kina madaraja matatu: wenyeji, raia wa SADC, na wageni wengine. Unapojaza fomu chagua SADC, kisha uonyeshe pasipoti langoni. Julai malango hufungwa saa 11:30 jioni, na anayechelewa hutozwa faini, kwa hiyo usiwe mbali na kambi jua likielekea kuzama. Lala kambi ya Lower Sabie au Satara.

Beba koti zito, kofia ya sufu na glovu. Julai ni kipupwe chao, na alfajiri, ukipanda gari la wazi la waongoza watalii, baridi yake mtu aliyekulia Nzega haijui. Chandarua na dawa ya kufukuza mbu bado vinahitajika. Kruger ina malaria, ingawa Julai ni kidogo.

*Kadi yangu ya homa ya manjano ni ya mwaka 2012. Imekwisha? (Msomaji, Ujiji)*

Haijaisha. Tangu Julai 2016 kadi moja ni ya maisha, hata kama imeandikwa miaka 10. Anayechanja sasa asubiri siku 10 kabla ya kuvuka mpaka.

*Tunaweza kwenda Zambia kwa MV Liemba badala ya basi? (Vijana wanne, Kigoma mjini)*

Hiyo ndiyo njia tunayoitamani kuliko zote: Kigoma hadi Mpulungu juu ya maji, kwa meli iliyorudi kuhudumia Ziwa Tanganyika mwaka 1927 baada ya kuibuliwa majini. Lakini imekaa kwenye ukarabati kwa muda mrefu, basi msifunge tarehe wala msilipie hoteli hadi bandari ya Kigoma iwathibitishie siku ya kuondoka. Kama haipo, shukeni kwa barabara hadi Sumbawanga, kisha Matai, na mvukie Kasesya kwenda Mbala. Tengeni siku moja ya ziada kwa Maporomoko ya Kalambo, mpakani hapo hapo, ambako maji huanguka zaidi ya mita 220 kwa mruko mmoja, zaidi ya maradufu ya kimo cha yale ya Victoria.