Anayesoma Pleti Yako Anapaswa Kujua Nini Kukuhusu?

Maswali ya juma hili yametoka Arusha na Moshi, na yote yanahusu maegesho. Nimeyafupisha na kuyaondoa majina.

Mama wa Njiro, Arusha: *Shikamoo Shangazi. Kuna jengo la maduka ambalo mlinzi wake huandika namba ya gari, jina na simu ya dereva, eti ukimzibia mwenzako njia upigiwe. Niliandika. Kesho yake saa tatu usiku nikapata ujumbe: "Mambo mrembo wa Vitz nyeupe." Nimeacha kwenda pale. Je, nakuza jambo?*

Marahaba mwanangu. Hukuzi jambo hata kidogo. Simu yako uliitoa kwa kazi moja tu, kusogeza gari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa zako akueleze anazichukua kwa ajili gani, kisha asizipeleke kwenye shughuli nyingine. Kukutumia salamu za usiku ni shughuli nyingine.

Usiufute ujumbe ule. Mwandikie barua mwenye jengo, siyo mlinzi, kwa sababu mbele ya sheria mwenye daftari ni yule anayeendesha maegesho. Mlinzi ameshikishwa kalamu tu. Dai mambo mawili: namba yako ifutwe, na uelezwe nani mwingine ameiona. Akikaa kimya, peleka malalamiko kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ile iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Aprili 2024. Adhabu ya kutoa taarifa za mtu kinyume cha sheria si ndogo: mtu binafsi anaweza kutozwa hadi shilingi milioni 20 au kufungwa hadi miaka 10, na kampuni inaweza kutozwa hadi bilioni 5.

Daftari zenyewe zinaniumiza roho. Mwezi uliopita nilipita kwenye geti moja mjini, nikakuta daftari limefunguliwa juu ya meza, kalamu imefungwa kwa uzi. Juu ya mstari wangu nilisoma majina na simu za watu kumi na mmoja, nami si polisi wala si ndugu yao. Yeyote mwenye simu yenye kamera angeondoka na ukurasa mzima. Niliandika namba ya gari, sehemu ya simu nikaacha wazi. Mlinzi alinitazama, akainua geti.

Mzazi, Shanty Town, Moshi: *Mwanangu anasoma Leicester, Uingereza. Aliegesha kwenye uwanja wa supamaketi akazidisha muda. Hakumwambia mtu jina lake, lakini wiki iliyofuata kampuni binafsi ikamtumia barua nyumbani ikidai pauni 100. Walilijuaje jina? Na je, alipe?*

Kule rejesta ya magari iko chini ya wakala wa serikali uitwao DVLA, wenye makao Swansea. Kamera ya uwanja husoma pleti, kampuni hutuma ombi, na kwa ada ya pauni 2.50 hupewa jina na anwani ya mwenye gari aliyesajiliwa. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu hilo mradi mwombaji awe na "sababu ya msingi", na kampuni lazima iwe mwanachama wa chama cha kampuni za maegesho kinachotambuliwa, BPA au IPC. DVLA husema ada hiyo ni ya kufidia gharama, haipati faida. Maombi ya namna hii ni mamilioni kila mwaka, na kwa maoni yangu hapo ndipo kasoro ilipo: mwenye gari alisajili ili atii sheria ya barabara, hakusajili ili kila mwenye uwanja ajue anapolala.

Mambo yalizidi baada ya sheria ya mwaka 2012, iliyopiga marufuku kufunga magurudumu kwa vyuma kwenye viwanja binafsi vya England na Wales. Lilikuwa jambo jema, maana watu walikuwa wananyanyaswa. Lakini sheria hiyohiyo iliziruhusu kampuni, zikifuata masharti, kumdai mwenye gari pale ambapo dereva hajulikani. Tangu hapo jina la kwenye rejesta likawa mali.

Sasa mwanao. Ile si faini ya serikali, ni dai la mkataba. Hata hivyo asiitupe barua, kwa kuwa mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya kule ilikubali dai la pauni 85 la kampuni moja dhidi ya dereva aliyezidisha muda. Aangalie kwanza tarehe: kama kamera tu ndiyo iliyomwona na hakubandikiwa karatasi kiooni, taarifa inapaswa kumfikia ndani ya siku 14, la sivyo kampuni inapoteza njia hiyo ya kumdai mwenye gari. Kisha akate rufaa kwa kampuni yenyewe, na ikikataa aende kwenye chombo cha rufaa za maegesho: POPLA kama kampuni ni mwanachama wa BPA, au IAS kama ni wa IPC. Anaweza pia kuiuliza DVLA kwa maandishi nani ameomba taarifa za gari lake.

Na muulize leo hii: je, kadi ya gari ina anwani anayoishi sasa? Wanafunzi huhama vyumba kila mwaka. Barua zikienda chumba cha zamani, hukumu ya mahakama huweza kutolewa yeye hajui lolote.

Dereva wa Noah, Ngarenaro: *Je, kampuni ya maegesho hapa kwetu inaweza kwenda TRA kuchukua jina langu?*

TRA hutunza rejesta ya magari kwa kazi za kisheria, si dirisha la kuuzia majina. Mwenye uwanja anayekudai afuate njia ya madai, na mahakama ndiyo iamuru kinachotolewa.

Baba wa Rau, Moshi: *Niliuza Corolla mwaka jana, mnunuzi hajabadilisha jina. Sasa naambiwa gari lina madeni.*

Ndugu yangu, madeni ya namna hii hufuata namba ya gari, na namba hiyo bado inaelekeza kwako. Chukua mkataba wa mauzo, nenda TRA umalize uhamisho wa umiliki, hata ikibidi umfuate mnunuzi alipo. Usimkabidhi mtu funguo kabla ya kadi kubadilishwa.

Mwenye uwanja, Majengo, Moshi: *Nina uwanja wa kulaza magari thelathini. Sheria hii inanihusu, au ni ya makampuni makubwa?*

Inakuhusu, na nakushukuru kwa kuuliza. Anayekusanya taarifa za watu anatakiwa ajisajili kwenye Tume, kwa hiyo anzia hapo. Halafu punguza unachoandika: pleti, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Mpe dereva kadi yenye namba na ya pili ibaki kwako. Akirudi zilinganishwe, jina la nini? Daftari likae ndani ya droo yenye kufuli. Kurasa ambazo hazina deni wala mgogoro zichome, usiwape wauza karanga wafungie.