Pini niliziweka kando: kushona turubai na tepu hapa Kisumu

Kama umewahi kushona turubai la mita nne kwa cherehani ya kawaida hii stori unaijua. Unaanza vizuri, ncha kwa ncha, vitambaa viwili vimelaliana kama mapacha, unashona, unashona, ukifika mwisho cha juu kimebaki kirefu inchi moja na nusu na cha chini kimeisha. Unaangalia cherehani, unaangalia kitambaa, unaangalia mwenye kazi amesimama hapo mlangoni. Mimi nilikuwa nakata tu ile imebaki na mkasi halafu nanyamaza, mpaka siku nilishonea mzee mmoja wa Dunga, hapa ufuoni mwa ziwa, paa la boti.

Mzee huzungusha wageni ziwani, wale wa kuenda kutafuta viboko na ndege, na alitaka kivuli cha kitambaa, kile kinafungwa kwa mabomba ya chuma. Sasa kitu kama hicho hakina pa kuficha makosa. Gauni likivutika kidogo mwili utalijaza, pazia likivutika utalificha kwa mikunjo, lakini paa la boti linavutwa pande zote nne, na kama mshono umekula kitambaa upande mmoja linajipinda na katikati linafanya karai. Na mvua ya jioni ya hapa kwetu haibishi hodi. Kesho yake asubuhi simu ikalia, mzee akaniambia kwa upole tu, "Nyathina," yaani mtoto wangu kwa Kijaluo, "kuja uone bakuli ulinishonea." Nikaenda. Maji yametulia pale juu kama abiria amelipa nauli, na chini kwa kiti yanadondoka tone, tone, tone, na nilipoinama kuangalia vizuri nikaona yale matone yamejipanga. Yalikuwa yanafuata pini zangu. Nilikuwa nimeweka pini kila inchi tatu na kila mahali pini ilikuwa, kuna tobo.

Pini kwa kitambaa cha nguo haina neno, ukiitoa nyuzi zinarudi pamoja. Hata kanvasi ya pamba ikilowa huwa inafura na vile vitobo vinajifunga kiasi. Lakini turubai la plastiki, au ile nailoni imepakwa dawa ndani isipitishe maji, ukishaitoboa imetoboka, haina nyuzi ya kurudi. Na kuhusu ile inchi moja na nusu, nilikuwa nalaumu mikono yangu bure miaka yote. Angalia cherehani yako chini ya mguu wake, kile chuma kinakandamiza kitambaa, kuna meno. Yale meno yanasukuma kitambaa cha chini, cha juu hakuna anayekisukuma, kinaburutwa tu na kile cha chini huku mguu umekikalia. Kila sindano ikitoboa, cha juu kinachelewa kidogo sana, unywele tu, lakini mita nne ina matundu elfu moja hivi, hesabu hizo nywele. Kuna mashine kubwa ambazo mguu wa juu nao unatembea pamoja na meno, wale wanashona viti vya matatu wanazo. Kama huna, na wengi wetu hatuna, tepu ndio inashikanisha vile vitambaa viwili vitembee kama kitu kimoja.

Ninaposema tepu ni ile ya kunata pande mbili, nyembamba, inakuja na karatasi upande mmoja. Na hapa ndio nilijiaibisha mara ya pili, kwa sababu nilisikia tepu nikaenda duka la vitabu nikanunua ile ya sponji, ya kubandika vioo na picha ukutani, nikashonea pazia la pembeni la tuktuk. Wacha nikuambie. Sindano ikipita kwa ile sponji inatoka na gundi, gundi inakaa kwa tundu la sindano, uzi unakwama, unaanza kuchanika, mashine inaruka stichi tatu inashika moja, na mimi nabadilisha uzi nikidhani uzi ndio mbaya. Nikamaliza hivo hivo kwa hasira. Wiki mbili za jua la Kondele na ile gundi ikaanza kutokea kwa mshono pole pole, vumbi nalo likaja likakaa, ikawa laini nyeusi kutoka juu hadi chini. Mwenye tuktuk akanisimamia kwa mlango akauliza, "Mathe, hii nayo ni urembo ama?" Nikamrudishia pesa yake yote, na pazia akabaki nalo.

Kwa hivo tepu yenyewe iwe nyembamba kama karatasi na upana usizidi milimita 6, yaani robo inchi. Kuna ya milimita 3 ambayo ni tamu sana kwa zipu, zipu ndefu ukiibandika kwanza haihami hata kidogo, na mtu yeyote ameshona zipu ya hema anajua vile huwa inatoka kama nyoka. Wanaoshona mambo ya boti na tanga huko nje wanayo siku nyingi. Hapa mimi naagiza Nairobi inakuja na parseli ya basi, na ukiagiza sema ni ya kushonea kitambaa cha nje, usiseme tu tepu ya pande mbili, watakutumia ile ya kapeti.

Sasa kazi yenyewe, na hapa nitaenda pole pole kwa sababu ndio penye watu wanaharibu.

Mshono ninaoutumia zaidi kwa turubai la plastiki ni wa kulaliana tu. Kipande cha juu kinalalia cha chini inchi moja, kama vile mabati yanapangwa, na kama mabati, kile kiko upande wa juu wa mteremko ndio kinakuja juu, ukikosea hapo maji yanaingia ndani ya mshono yenyewe bila kuombwa. Piga laini na penseli, chaki sipendi, unga wake unakataza tepu kushika. Panguza na kitambaa kina spiriti kidogo, hapa kwetu vumbi liko kila mahali hata kwa roli mpya. Kisha tepu unailaza katikati ya ile inchi. Fikiria hesabu: inchi ni milimita 25, tepu ni 6, inabaki karibu 9 na nusu kila upande. Ukishona mistari miwili, kila mmoja milimita 4 kutoka ukingoni, sindano haikutani na tepu hata mara moja. Nyuzi zinapita huku na huku kama reli na tepu imelala katikati. Mimi hiyo siri ilinichukua pazia moja la tuktuk kuijua.

Halafu usibandue karatasi yote mara moja!! Tafadhali. Bandika tepu kwa kipande cha chini na karatasi ikiwa juu yake, isugue na mgongo wa kijiko kutoka mwanzo mpaka mwisho, kwa maana hii gundi inataka kukandamizwa, kuiweka tu juu juu haitoshi. Leta kipande cha pili, kipange kwa laini yako, weka kitu kizito kila mwisho, mimi natumia pasi ya makaa yenye haina makaa. Sasa inua kidogo, bandua karatasi kama futi moja, laza, sugua, sogea. Futi nyingine, laza, sugua. Ukibandua mita nne zote kwa mpigo, upepo mmoja tu wa ziwa unakuja unaibandika mahali inapenda yenyewe, na kutoa turubai kwa tepu ni kama kutoa sandali kwa matope ya Nyando.

Ukimaliza, simama, shika mshono pande mbili uuvute kidogo uangalie. Huu ndio wakati wa kurekebisha. Kama kuna mahali pamejikunja kama mdomo wa samaki, fungua hapo tu, rudia. Uzi ukishapita umeshapita.

Kwa kanvasi ya pamba na vitambaa vinavyofumuka nyuzi, huwezi kuacha ncha wazi, hapo nafanya ule mshono wa mguu wa jinzi, wa kukunjia ncha ndani. Tepu inakuja mara mbili, kwanza kwenye ukingo kabisa kabla ya mstari wa kwanza, halafu chini ya ule mkunjo kabla ya mstari wa pili. Hapo kwa mstari wa pili kusema ukweli wakati mwingine sindano itapita kwa tepu, huwezi kuepuka kila mahali. Sio mwisho wa dunia kama tepu ni ile nyembamba. Enda pole pole, tumia sindano nambari 18 badala ya 16, na kila baada ya mita moja au ukisikia mashine imeanza kulia tofauti, simama ufute sindano na kitambaa cha spiriti. Mafuta taa usitumie, nilijaribu, sindano inasafika kweli lakini doa linakaa kwa kitambaa na harufu nayo inakufuata mpaka nyumbani.

Stichi ziwe kubwa, milimita 4, kama sita kwa inchi. Najua tumefundishwa stichi ndogo ndio kazi safi. Kwa yunifomu ya shule sawa. Kwa turubai, ukiweka matundu karibu karibu unatengeneza karatasi ya stempu, upepo wa kwanza unaichana kwa laini yako nzuri.

Uzi ni poliesta, nene, basi. Ule wa pamba unaoza kwa unyevu, na nailoni ni ngumu kuikata leo lakini jua linaimaliza haraka kuliko poliesta, na jua letu si la kuchezea, ikweta iko hapo Maseno tu ukienda na matatu. Nimeona hema limeletwa kitambaa kizima kabisa na mshono unafunguka kwa kidole.

Kuna vitambaa vinakataa tepu na usipoteze muda wako navyo. Ile nailoni nyepesi sana ya hema za kubeba mgongoni, inateleza kama sabuni imelowa, imepakwa silikoni, na silikoni haipendi kushikwa na kitu. Nyingine ni kanvasi nzito za zamani zimepakwa nta, zile ukikwaruza na kucha zinaacha alama nyeupe. Kwa hizo narudi kwa vibanio vya nguo, vile vya mbao vya kamba ya kuanika, kila nusu futi. Ukiwa na shaka chukua kipande kimebaki, bandika, sugua, weka juani mpaka saa sita mchana, urudi uvute. Kikitoka bila kelele, hapana.

Na kitu nataka kisikike vizuri kwa sababu mteja mmoja alinibishia hii nusu saa nzima akisema ameona kwa video. Hii tepu haizibi mshono. Haishiki uzito pia. Kazi yake inaisha ile dakika uzi umepita, baada ya hapo ni mgeni tu amelala ndani ya mshono. Vitobo vya sindano viko pale pale na maji yatavipata, polepole lakini yatavipata, kwa hivo kama unataka pakauke kabisa lazima upake dawa ya kuziba mishono kwa brashi baadaye, upande wa ndani, inayoendana na kitambaa chako. Zile silikoni za mafundi wa mabomba usiniletee kwa turubai la plastiki, hazishiki vizuri, na zikishakauka hakuna kitu kingine kitashika juu yake, umejifungia mlango. Kuna tepu nyingine ya kuziba, ya moto, inabandikwa na joto juu ya mshono uliokwisha shonwa, wanaoshona koti za mvua kiwandani wanatumia hiyo. Hiyo ni habari tofauti na mashine tofauti.

Paa la mzee nilishona upya kwa kitambaa changu mwenyewe, sikumlipisha, nilikuwa na aibu. Mara hii mishono yote imeelekea chini ya mteremko, tepu katikati, mistari miwili, na katikati ya paa nikamwambia atie bomba moja zaidi lililoinuka kidogo ili maji yasipate pa kukaa, kwa sababu hata mshono mzuri ukiuwekea dimbwi juu utakusaliti tu. Limepita mvua za Aprili. Bado ananiuliza kama kuna maji ya kunywa kwa bakuli, nafikiri hiyo sitaisikia mwisho wake.

Roli zangu naweka kwa mkebe wa zamani wa mafuta ya kupikia, una kifuniko, chini ya meza upande haupigwi na jua. Roli ikikaa dirishani gundi inatoka pembeni, inashika vumbi na nywele za paka, na siku unaihitaji unakuta imegeuka kitu kingine kabisa.