Kwa majirani wa Lubumbashi wanaotaka kufuga nyuki pamoja

Kinachovunja vikundi vingi ni hamu ya kila mmoja kutazama ndani ya mzinga. Nyuki wa miombo wakisumbuliwa mara kwa mara wanahama wote, na masega yanabaki kuliwa na nondo. Kwa hiyo kundi la nyuki likishaingia mzingani, wiki sita za kwanza tazameni mlangoni tu. Nyuki wakiingia na chavua miguuni, kwa kawaida malkia anataga.

Anzeni na mizinga miwili ya viunzi vya juu, yaani vipande vya mbao vinavyolazwa juu ya mzinga ili nyuki wajenge sega chini ya kila kimoja, muweze kulinganisha. Seremala mkazieni jambo moja: kila kiunzi kiwe na upana wa milimita 32, maana ndiyo nafasi ambayo nyuki wetu huacha toka katikati ya sega moja hadi katikati ya jingine. Vikiwa vipana zaidi, wanajenga sega likapita kwenye viunzi viwili, na siku ya kukagua ukiinua kimoja unararua vyote. Kabla ya kulipa, panga viunzi 10 vikigusana: vinapaswa kufika sentimita 32. Kisha pitisha mstari mwembamba wa nta iliyoyeyushwa katikati ya kila kiunzi, upande wa chini, wajue pa kuanzia. Nta inayobaki ipakeni mlangoni; harufu yake inaita kundi.

Msiweke mzinga ndani ya parseli, yaani kiwanja cha nyumbani. Tafuteni shamba nje ya mji, njia ya Kipushi au ya Kasenga, angalau mita 200 kutoka nyumba, njia ya watu na mbuzi waliofungwa. Ulizeni pia kama miti ya pale imekwisha kuahidiwa wachoma makala, kwa sababu katikati ya visiki nyuki hawana cha kuleta. Tundikeni kwa waya, kimo cha kiuno, kufikia Agosti, kabla miombo haijachanua. Waya upakwe grisi kuzuia siafu, na majani yafyekwe: jani moja likigusa mzinga, grisi haina kazi.

Kurina ni jioni, watu watatu: wa moshi, wa kisu, wa ndoo. Wengine wakae mbali. Moshi uwe wa magunzi au majani makavu, kamwe si plastiki. Pulizeni mlangoni, subirini dakika mbili, ndipo mfungue. Kateni sega lililofunikwa nta theluthi mbili au zaidi. Lisilofunikwa lina maji mengi na asali yake itachacha. Lenye watoto halikatwi, na masega ya asali yaachwe ya kuwatosha mpaka maua mengine.

Aliyechomwa akwangue mwiba hapo hapo, apulize moshi juu ya alama, kwa sababu harufu yake, kama ya ndizi mbivu, inaita wengine. Akivimba midomo, akihema kwa shida au akitoka vipele mwili mzima, ni hospitali mara moja, na asirudi tena mzingani. Kubalianeni mapema pikipiki ya nani itamkimbiza.