Ligeuzeni Bizimu Kwanza: Kwa Wanaoanza Kushughulikia Mapambo ya Waviking

Anayeanza kuorodhesha mabizimu (mapambo yenye pini ya kufungia nguo) ya zama za Waviking huvutwa kwanza na upande wa mbele, kwa kuwa huko ndiko kuliko na wanyama waliosokotana, nyuso ndogo na vifundo vilivyonakshiwa kwa ustadi. Hakuna ubaya kuyafurahia hayo, lakini ligeuzeni bizimu kabla hamjaandika lolote, maana sehemu kubwa ya ushahidi imo mgongoni: mabaki ya pini, vishikizo vyake, kutu, na pengine nyuzi za nguo.

Chukueni mabizimu ya shaba ya duaradufu yaliyotuna kama gamba la kobe, ambayo wanawake wa Skandinavia waliyavaa mawili mawili kifuani, karibu na mabega, kufungia mikanda ya vazi la juu. Pini, mara nyingi ya chuma, ilipita katika vitanzi vya kitambaa, na bizimu lilipolala kaburini, chumvi za shaba ziliwazuia vijidudu vinavyoozesha, huku kutu ya chuma ikijipenyeza ndani ya nyuzi na kuzigandisha. Ndiyo sababu Agnes Geijer aliweza kuchapisha mwaka 1938 uchunguzi wake wa nguo kutoka makaburi ya Birka, mji wa zama za Waviking huko Uswidi, ingawa sehemu kubwa ya nguo zenyewe ilikuwa imekwisha kuoza. Kwa hiyo msilisugue bizimu wala msilioshe pale linapochimbuliwa. Likatwe pamoja na bonge la udongo unaolizunguka, lipigwe eksirei, kisha mhifadhi alifungue taratibu katika maabara.

Hapa pana mtego unaowanasa wengi, kwa kuwa si kila alama ya kitambaa ndani ya bizimu ni alama ya vazi. Mafundi walipotengeneza kalibu za udongo, walitandika kitambaa ndani ya nusu ya mbele ili kupata nafasi ya unene wa metali, wakashindilia udongo juu yake kufanya nusu ya nyuma, kisha wakakiondoa kabla ya kumimina shaba iliyoyeyushwa. Mfumo wa kitambaa hicho ukabaki umechapwa kwenye metali yenyewe, nao haubanduki, ilhali mabaki ya nguo hushikamana na kutu, aghalabu karibu na pini. Msipotofautisha mambo hayo mawili, mtaandika habari za fundi mkidhani ni za mvaaji. Anayepata nafasi ya kutazama vipande vya kalibu vilivyochimbuliwa katika karakana za karne ya 8 huko Ribe, Denmark, asiikose.

Mgongo ndio pia unaotenganisha mabizimu madogo ya mviringo yanayookotwa mashambani Uingereza. Yale ya Skandinavia kwa kawaida yametuna, nyuma yana uvungu, vishikizo viwili vya pini na kitanzi cha kuning'inizia mnyororo. Ya Waanglo-Saksoni, wenyeji wa Uingereza wa wakati huo, ni bapa na yana kishikizo kimoja. Jane Kershaw, katika uchunguzi aliouchapisha mwaka 2013, alikusanya mapambo zaidi ya 500 ya mitindo ya Skandinavia kutoka Uingereza, mengi yakiwa yameokotwa na raia wenye vifaa vya kutambua metali na kuandikishwa katika Portable Antiquities Scheme, mpango wa kuandikisha vitu vya kale vinavyookotwa na raia, ulioanza mwaka 1997. Wako wataalamu wanaowadharau raia hao, nami sikubaliani nao: huko Cumwhitton, Cumbria, mwaka 2004, ugunduzi wa mmoja wao ndio uliowaongoza wachimbaji kwenye makaburi sita ya karne ya 10.

Kuhusu tarehe, jifunzeni namba za aina za mabizimu alizozipanga mwanaakiolojia Jan Petersen mwaka 1928, hasa P51 (yaani aina ya 51 ya Petersen) iliyo ya kawaida kuliko zote, lakini msiichukue tarehe ya bizimu kuwa tarehe ya kaburi. Mwanamke aliyezikwa Adwick-le-Street, Yorkshire, alikuwa na mabizimu mawili yasiyo pacha, na huenda moja lilikwisha kuvaliwa miaka mingi kabla ya kukutanishwa na mwenzake.

Hjalmar Stolpe, mtaalamu wa wadudu aliyefika Birka mwaka 1871 akitafuta kaharabu, akaishia kuchimba makaburi yapatayo 1,100, aliyachora makaburi hayo kwenye karatasi ya miraba. Karibu miaka mia baadaye, michoro hiyo ilimsaidia Inga Hägg kuchunguza namna nguo zilivyovaliwa, tabaka juu ya tabaka. Basi kabla ya kuliinua bizimu, choreni ni upande gani uliotazama juu, ncha ya pini ilielekea wapi, na shanga zilitapakaa kuelekea bizimu lipi kati ya yale mawili.